Gesi Isiyonuka, na Mzigo Usio na Mwenyewe



Mtu akiambiwa kwamba kitu hakina rangi, hakina harufu wala hakiwaki moto, huona hana sababu ya kukiogopa. Ndivyo ilivyosifiwa kwa miaka mingi gesi ya salfa heksafloraidi, ambayo mafundi huiita SF6. Hutiwa ndani ya sakiti breka na swichi kubwa za vituo vya kupozea umeme, ili umeme usiruke na cheche izimike swichi inapofunguliwa. Kazi hiyo huifanya vizuri sana, hilo hatulikatai.

Tunalolikataa ni neno "salama", linalotamkwa kirahisi na wale wasioingia mashimoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa mara tano. Ikivuja hushuka, hujaa katika mifereji ya nyaya na vyumba vya chini, na kuiondoa hewa tunayovuta. Fundi aliyeinama humo huishiwa pumzi bila kunusa chochote. Tena, ikiisha kuunguzwa na cheche za umeme si ile tena: huzaa gesi za sumu, pamoja na vumbi ambalo likikutana na unyevu wa ngozi, macho au mapafu hufanya asidi kali. Hapo ndipo hunuka, mfano wa mayai viza. Je, ni vibarua wangapi wanaotumwa kufungua na kufagia mitambo mikuukuu waliopata kuelezwa hayo? Kitambaa kilichofungwa puani si kinga.

Ikipeperuka, madhara hayaishi. Kilo moja hulipasha joto anga, kwa miaka 100, sawa na zaidi ya tani 23 za kabonidayoksaidi, nayo hudumu angani kwa karne nyingi. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 uliitaja miongoni mwa gesi sita za kupunguzwa. Na gesi hiyo hiyo iliwahi kujazwa hata katika matairi ya magari na soli za viatu vya michezo huko Ulaya. Anasa tupu!

Sasa Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2024, umezuia kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kufungwa kwa swichi mpya za gesi hii zenye msongo wa hadi kilovolti 24, isipokuwa kwa masharti maalumu. Zipo swichi zinazotumia ombwe na hewa kavu. Basi soko likifungwa huko, mwenye bidhaa ataipeleka wapi? Tusikubali kuuziwa kwa bei nafuu kile ambacho muuzaji hakitaki nyumbani kwake.

Viongozi wa walei wanaokaa katika mabaraza na kamati za zabuni waulize: mtambo huu una kilo ngapi za gesi? Nani ataifyonza na kuirudisha mitungini siku utakapochakaa? Gharama hiyo imeandikwa katika mkataba, au ameachiwa kibarua mwenye spana?