Alama ya Farasi Barabarani

Wengi wetu hatujapata kuona farasi ila katika picha. Katika barabara zetu twakutana na ng'ombe, mbuzi, baiskeli na wanafunzi wendao shuleni. Hata hivyo leo twataka kuzungumza nanyi habari za farasi wa Uingereza, na za watu wawaombao wakuu wao wasimamishe kibao kimoja kando ya njia. Jambo hili laonekana dogo. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila taifa lenye motokari limelikuta: barabara ni ya nani? Ni ya mwenye nguvu, au ni ya wote waipitao?

Mnyama mwenye nguvu na woga

Farasi mzima aliye mkubwa huwa na uzito wa kilo 500 hivi. Lakini nguvu zake hazimwondolei woga. Tangu asili yeye ni mnyama wa kuwindwa na wanyama wakali, na wokovu wake ni mbio. Macho yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo aona karibu pande zote. Walakini kuna mahali asipoona: nyuma ya mkia wake, na mbele karibu sana na uso wake. Motokari ijayo kwa kasi kutoka nyuma humfikia masikioni kabla ya kumfikia machoni.

Basi, honi ikilia ghafula, au lori likipita karibu hata kugusa mguu wa mpandaji, farasi hangoji kufikiri. Huruka, hugeuka, hukimbia. Na kwa kuwa katika nchi ile magari hushika upande wa kushoto, farasi arukaye kulia huingia katikati ya barabara, mbele ya magurudumu. Mpandaji wake hana mlango wala chuma cha kumkinga. Ana kofia ngumu tu kichwani. Pengine mpandaji huyo ni mtoto wa shule. Dereva naye hayuko salama: mnyama wa kilo 500 akiangukia kioo cha motokari, wamo hatarini wote waliokaa ndani.

Kwa nini wasishike njia zao?

Mtu ataweza kusema: «Farasi warudi mashambani, barabara za lami zimetengenezwa kwa ajili ya magari.» Neno hilo ni rahisi kulisema, lakini halipatani na mambo yalivyo. Kwanza, farasi walipita katika barabara hizo karne nyingi kabla motokari ya kwanza haijazaliwa, na sheria ya Uingereza haijawanyang'anya haki yao. Pili, katika England njia za umma ni nyingi sana, lakini wapanda farasi wana ruhusa ya kupita katika sehemu kama 22 tu kwa mia ya njia hizo. Zilizobaki, nyingi ni za waendao kwa miguu peke yao. Tena njia za farasi zimekatika vipande vipande. Moja yaishia barabarani, na nyingine yaanzia mbali mbele. Mpandaji atakaye kutoka hii hata ile hana budi kupita barabarani.

Na barabara za mashamba katika nchi ile ni nyembamba, zina kona nyingi, na pande zote mbili zimezungukwa na ua wa miti mirefu. Katika nyingi za hizo sheria huruhusu mwendo wa maili 60 kwa saa, yaani karibu kilometa 97. Kitabu cha serikali cha kanuni za barabara chasema kwamba motokari iendayo mwendo huo hutembea meta 73 tangu dereva aone hatari mpaka isimame. Mwendo ukiwa wa maili 30, ni meta 23. Na ukiwa wa maili 20, ni meta 12. Wanafunzi wetu wapendao hesabu na walitazame jambo hili: kasi imezidishwa mara tatu, lakini umbali wa kusimama umezidi mara sita.

Basi, dereva atokaye katika kona kwa kasi ile na kumwona farasi mbele yake kwa meta 40, hataweza kusimama. Hata akiwa mtu mwema, mwenye macho mazuri na breki nzima, hataweza. Alichokosa ni habari. Hapo ndipo kibao kinapofanya kazi yake: kimwambie dereva jambo ambalo macho yake hayajaweza kuliona bado.

Pembe tatu nyekundu

Alama yenyewe ni pembe tatu nyeupe yenye ukingo mwekundu, na ndani yake mna picha nyeusi ya mtu aliyepanda farasi. Hakuna maneno. Zamani alama za Uingereza zilikuwa za namna nyingi, tena nyingine zilijaa maandishi, ambayo dereva mwenye kasi hakuwa na nafasi ya kuyasoma. Kwa hiyo serikali iliagiza zitengenezwe upya, na alama mpya zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1965. Waliozichora ni Jock Kinneir na mwenziwe Margaret Calvert, mwanamke aliyezaliwa Durban, katika Afrika ya Kusini, mwaka wa 1936. Kwa alama ya kuonya habari za ng'ombe, bibi huyo alichora ng'ombe aliyemfahamu katika shamba la jamaa zake. Jina lake aliitwa Patience, maana yake Subira. Jina hilo lingeufaa pia moyo wa kila dereva aonaye pembe tatu mbele yake.

Lakini alama hizi hazisimamishwi na kila mtu apendaye. Mwenye farasi hana ruhusa ya kupigilia kibao chake mwenyewe kando ya barabara kuu. Kama kila mtu angefanya hivyo, njia zingejaa mbao za kila rangi, wala hakuna ambaye angezitii. Kibao chapasa kuwa cha namna iliyokubaliwa na sheria, na kuwekwa na halmashauri yenye ulinzi wa barabara ile. Kwa hiyo hapana budi kuomba.

Kuomba kwa hesabu

Hapa pana fundisho ambalo twataka wasomaji wetu walishike. Watu wengi wakikasirishwa na jambo la barabarani hupiga kelele siku moja, kisha husahau. Wapanda farasi wa Uingereza wamejifunza njia nyingine.

Chama chao kikubwa, British Horse Society, kilianzishwa mwaka wa 1947. Tangu mwaka wa 2010 chama hicho kimekuwa kikikusanya habari za kila tukio la barabarani lililompata farasi: mahali, siku, saa, na jinsi lilivyotokea. Kwa nini kufanya kazi hiyo, na polisi wapo? Kwa sababu hesabu ya serikali ya ajali huandika zile ambazo mtu ameumia. Farasi akijeruhiwa na mpandaji akasalimika, au motokari ikipita kwa upana wa kiganja na wote wakaokoka kwa bahati, jambo hilo haliingii katika hesabu. Ndipo halmashauri inapoombwa kibao huweza kujibu kwa haki: «Vitabu vyetu havionyeshi ajali yo yote mahali pale.» Na ajali ya kwanza itakayoandikwa, huenda ikawa ya kifo.

Wapandaji basi wameanza kuandika wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Katika mwaka wa 2023 peke yake chama kilipokea habari za matukio zaidi ya 3,000, na farasi zaidi ya 60 waliokufa. Nyingi za habari hizo zasema jambo lile lile: motokari ilipita karibu mno, au kwa kasi mno. Mtu aendaye mbele ya halmashauri na karatasi za namna hii hawezi kuambiwa kwamba amebuni hatari kichwani mwake.

Wenye busara hawaendi peke yao. Huanza katika baraza dogo la kijiji, ambalo Waingereza huliita hata leo kwa jina la parokia, ingawa ni baraza la serikali. Hutafuta sahihi za majirani: mkulima, mwalimu, mwenye duka, hata madereva wa malori. Huonyesha katika ramani mahali hasa pa hatari: hapa pana kona, pale pana zizi la farasi, hapa njia yao yatokea barabarani. Ombi lisemalo «wekeni alama kila mahali» halipati kitu. Ombi lisemalo «wekeni alama hapa, kwa sababu hii» laweza kusikiwa.

Neno la wanaokataa

Si haki kuwasingizia wakuu wa barabara kwamba hawajali maisha ya watu. Nao wana sababu zao. Fedha hazitoshi, na vijiji viombavyo ni vingi. Tena, alama zikizidi, jicho la dereva huzizoea. Apitaye mbao kumi bila kuona farasi hata mmoja hataiheshimu ya kumi na moja. Neno hili ni la kweli, na waombaji wafanya vema kulikubali. Kibao ni msaada wa dereva mwema. Dereva mbaya hakimgeuzi moyo.

Kwa hiyo kampeni ya wapanda farasi haikuishia katika vibao. Mwaka wa 2016 chama chao kilianza kuwafundisha madereva mambo manne: punguza mwendo, uwe na subira, usipige honi wala kungurumisha mashine, mpite farasi kwa mbali, kisha ondoka polepole. Na tarehe 29 Januari 2022 kitabu cha kanuni za barabara kilipata maneno mapya. Sasa kinaagiza dereva ampite farasi kwa mwendo usiofika maili 10 kwa saa, yaani kama kilometa 16, na kumwachia nafasi ya meta 2 kwa uchache. Zaidi ya hayo kilitia kanuni hii: yule ambaye chombo chake chaweza kuleta madhara makubwa zaidi, ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuwaepusha wengine na hatari. Mwenye lori amwangalie mwenye motokari. Mwenye motokari amwangalie mpanda farasi na mpanda baiskeli. Na hao wamwangalie mwenda kwa miguu.

Wapandaji nao wana wajibu wao. Wavae kofia ngumu. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 14, hilo ni agizo la sheria iliyopitishwa mwaka wa 1990. Wavae nguo zing'aazo zionekane mbali. Wasiingie barabarani na farasi asiyezoea magari. Na dereva akipunguza mwendo, wamshukuru kwa kuinua mkono. Kama mikono yote miwili imeshika hatamu, hata kuinamisha kichwa kwatosha. Dereva aliyeshukuriwa leo atapunguza mwendo tena kesho.

Sisi nasi

Watu wetu hupenda kusema: Ajali haina kinga. Methali hii yafaa kumfariji aliyefikwa na msiba ambao hakuna mkono wa mtu ungeweza kuuzuia. Lakini mara ngapi twaitumia kufunika uvivu wetu! Daraja lenye ubao uliooza, kona iliyozibwa na majani marefu, mahali watoto wa shule wavukapo barabara pasipo alama: mambo haya yana kinga. Kinga yake ni panga la kukata majani, ubao mpya, na barua iliyoandikwa vema.

Wazazi na walimu, pengine katika njia ya watoto wenu kuna mahali ambapo kila mtu ajua kwamba siku moja patatokea jambo. Msingoje siku hiyo. Chukueni daftari. Andikeni: tarehe fulani, saa fulani, lori lilipita hapa kwa kasi, mtoto akajitupa shimoni akaokoka. Andikeni tena wiki ifuatayo, na ile ya tatu. Wanafunzi wakubwa waweza kuifanya kazi hii vizuri, nayo itawafunza hesabu na insha pamoja. Kisha wazee na wapeleke daftari kwa mkuu wa mahali, kwa heshima, na waombe kitu kimoja mahali pamoja. Wakikataliwa, waulize sababu, waiandike nayo, na warudi.

Nanyi wenye motokari, lori na pikipiki, mkiona pembe tatu nyekundu mbele yenu, ondoeni mguu katika mafuta kabla hamjajua ni nini kilicho nyuma ya kona. Huko Uingereza yawezekana ni msichana juu ya farasi wake. Huku kwetu yawezekana ni mchunga na ng'ombe wake, au mama mwenye mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, asiyeweza kugeuka upesi.