Ujuzi Ukikaliwa, Kazi Inalala



Wengi wetu hapa Muscat tukikaribia kumaliza masomo tunawaza mafunzo ya kazini. Tunauliza posho, tunauliza usafiri. Mimi nasema tuulize na hili: humo ofisini watu wanafundishana, au kila mtu kakalia ujuzi wake?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali. Waomani waliokuwa nje wakaitwa, na wengi wakarudi kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki na elimu yao. Wakaingia wizarani, benki, hospitalini na kwenye mafuta. Kiswahili nacho kikaingia maofisini. Jambo lililokuwa gumu kwenye barua, mtu alielezwa na mwenzake kwa Kiswahili, kazi ikaenda. Ila asiyekijua alibaki nje ya mazungumzo.

Leo tatizo lina sura nyengine. Tangu miaka ya 1980 ipo sera ya kuwapa Waomani nafasi zinazoshikwa na wageni. Mgeni mzoefu anaambiwa, "Mfundishe kijana huyu." Naye anajua fika kwamba kijana akishajua, mkataba wake hauna maisha. Sasa nani atafundisha kwa moyo? Katika kampuni moja nilikofanya mafunzo, jina nalihifadhi, tulionyeshwa cha kubonyeza, sababu hatukuambiwa. Mitambo ikigoma, eti vijana wavivu. Jamani, si uvivu huo! Mtu hawezi kutenda asichoambiwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: anayefundisha afaidike. Tathmini yake ya mwaka ihesabu aliowafundisha, na aongezewe muda wa mkataba badala ya kukatiwa. Na kila kazi iandikwe hatua kwa hatua, ili mtu akiondoka asiondoke na ofisi kichwani.

Na sisi tuulize bila haya. Mficha uchi hazai. Tukiwa Waswahili watatu chumbani na mwenzetu mmoja Mhindi, mambo ya kazi tuyaseme kwa lugha anayoifahamu naye. Tusije tukamfanyia yeye yale tunayoyalalamikia sisi.