Tiketi ya mwendo kasi njia ya Arua–Koboko: kulipa au kusubiri samansi?

Wasafirishaji wa Aroi, ninyi mnaopita Arua na Koboko kila wiki, mnaijua habari hii. Dereva amepakia Arua, anataka kuwahi Oraba kabla ya giza ili avuke kwenda Kaya. Lami ni nzuri, gari linateleza. Mbele kidogo askari wa trafiki anatokea na kipima mwendo mkononi, na safari inaishia kwenye karatasi.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawaifanyi. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92. Lori zito Uganda halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye lami, na ndani ya miji na vituo vya biashara ni 50. Dereva akienda 80 mwanzo hadi mwisho anatumia dakika 69. Akikanyaga 100 anatumia 55. Ameokoa dakika 14, na hizo ni za kwenye makaratasi tu, kwa sababu Koboko mjini atakutana na bodaboda, mbuzi na watoto wa shule. Dakika hizo zote zinaliwa na foleni ya karatasi mpakani.

Sasa tiketi ikishaandikwa, kuna njia mbili. Unaweza kulipa ndani ya siku 28 kwa namba ya malipo ya URA, kupitia benki au simu. Ukilipa umekubali kosa na jambo limekwisha. Au unaweza kukataa, na hapo ndipo samansi ya mahakama inapoingia. Ni haki yako: Katiba ya 1995, ibara ya 28, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike.

Lakini haki hiyo ina bei. Dereva wa Mombasa aliyebeba saruji hawezi kukaa Arua akisubiri tarehe ya kesi, huku tajiri anapiga simu na mwenye mzigo analalamika. Matokeo yake, hata aliyeonewa analipa tu. Hapa ndipo mwandishi anaona udhaifu wa mfumo huu wa haraka: unamfaa mwenye kosa kuliko asiye na kosa.

Wengine hufanya jambo baya zaidi, wanaitia tiketi chini ya kiti na kuvuka mpaka. Samansi haiyeyuki kwa kuvuka Vurra au Oraba. Asiyefika mahakamani baada ya kuitwa kihalali anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na dereva wa njia hii lazima atarudi tu. Ikiwa kosa ni dogo, Sheria ya Mahakama za Mahakimu inampa hakimu nafasi ya kumsamehe mshtakiwa asifike mwenyewe, endapo amekiri kwa maandishi au amewakilishwa na wakili. Madereva wachache sana wanalijua hilo, na matajiri wengi pia.

Kuna suala la nani alipe. Juni 2025 serikali ya Uganda ilianza kutoza faini kwa kamera, mfumo ulioitwa EPS Auto. Aliyezidisha hadi kilomita 30 alitozwa shilingi 200,000, na aliyezidi hapo shilingi 600,000. Makelele yalikuwa makubwa: alama za barabarani hazionekani, na bili inamfuata mwenye gari badala ya aliyeshika usukani. Mwezi huo huo mfumo ukasimamishwa. Kwa wenye malori somo lilikuwa wazi, kwani tajiri aliyepata ujumbe wa 600,000 alikata mshahara wa dereva bila kuuliza nani aliendesha siku hiyo. Makampuni yenye madereva wawili kwa gari moja yanahitaji daftari la zamu, lenye saa na sahihi.

Na ukiamua kupinga, anza pale pale barabarani. Omba uonyeshwe namba iliyosomwa na mashine. Andika saa, mahali, na kama kulikuwa na kibao cha 50 au hapakuwa. Piga picha ya kibao. Usigombane na askari, na usimpe kitu mkononi: fedha isiyo na risiti haifuti tiketi, na ukifika mbele ya hakimu huwezi kuitaja bila kujishtaki mwenyewe.