Baraza Katikati ya Jiji: Nafasi ya Kiswahili katika Kuihuisha Eldoret

Tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, ikawa ya tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mji ulioanza kwa kuitwa nambari ya shamba, yaani "64", ulikuwa na wakazi 475,716 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Sisi tunaoishi Kapsoya, kama wenzetu wa mitaa mingine ya pembezoni, huteremka katikati ya jiji kutafuta riziki, matibabu, vitabu na usafiri. Kwa hiyo, suala la kukihuisha kitovu hicho si la wahandisi peke yao. Makala haya yanadai kwamba mradi wa kuhuisha jiji hudumu pale ambapo watumiaji wake wamesikizwa kwa lugha waimuduyo, na kwamba katika Eldoret lugha hiyo ni Kiswahili.

Tuanze na neno letu wenyewe, baraza. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kule Lamu pia, baraza ni kikalio cha mawe kilichoshikana na ukuta wa nyumba, ambapo jirani na mpita njia huketi wakazungumza. Huku bara, baraza ni mkutano unaoitishwa na chifu. Serikalini, tuna Baraza la Mawaziri. Maana hizi ni ndugu: mahali pa kukaa ndipo mahali pa kusema. Bustani au soko likijengwa pasipo wananchi kusikizwa, basi limepata maana moja ya neno hili na kuikosa ya pili.

Mfano ulio wazi ni bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Bustani hiyo ilikuwa imechakaa. Shirika la Aga Khan la Utamaduni liliikarabati, na ikafunguliwa upya mwaka 2009 ikiwa na taa, mifereji ya maji, viti na uwanja wa watoto. Lakini la kuzingatia zaidi ni kwamba wachuuzi wa vyakula, ambao ndio wanaoipa Forodhani sifa yake ya usiku, hawakufutwa kwa jina la usafi. Walitengewa nafasi yao katika bustani mpya, na hadi leo mgeni na mwenyeji hukutana penye mishkaki na juisi ya miwa. Zanzibar ina bahati moja: Kiswahili ni lugha ya mchuuzi na ni lugha ya ofisi. Mwenye meza ya mishkaki hahitaji mkalimani ili kulisema lake.

Nairobi nayo inatufunza kwa njia nyingine. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga jumba na maegesho ya magari mahali hapo. Wananchi waliupinga, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mstari wa mbele, na bustani ikaokoka. Ni chini ya miti hiyohiyo ambapo Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana, watu wa kawaida wakijadili bei ya unga, katiba na uongozi. Jina lake ni la Kiswahili, na si ajabu. Watu waliotoka pande zote za nchi hawangeweza kujadiliana chini ya mti mmoja kwa lugha ya watu wachache.

Sasa tuitazame Eldoret. Atembeaye kando ya Barabara ya Uganda atasikia wauzaji wa mitumba na mboga wakinadi kwa Kiswahili, ingawa nyumbani husema Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu, Kijaluo au Kikisii. Lakini mabango ya miradi ya umma na rasimu za mipango ya maendeleo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mchuuzi hualikwa kutoa maoni kuhusu waraka asioweza kuusoma. Baadaye, askari wa kaunti wanapomhamisha, huambiwa kwamba umma ulishirikishwa. Katika mji uliojeruhiwa vibaya na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jambo hili si dogo. Kitovu cha jiji ndipo mahali ambapo jamii zilizoumizana hulazimika kukaa pamoja, na Kiswahili ndicho kikalio chao cha pamoja.

Wapo watakaosema kwamba istilahi za upangaji miji hazimo katika Kiswahili. Hoja hii haina mashiko. Mfereji, maegesho, kivuko, hifadhi ya mto, kibali cha biashara: maneno haya yapo na yanaeleweka sokoni. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kinachokosekana ni wa kuifanya kazi.

Hapo ndipo wanachama wa vyama vya Kiswahili tunapoingia. Tumesoma na kuihakiki tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege, tukamlaumu kiongozi wa mji asiyesikia vilio vya watu wake. Je, tumewahi kuuchukua mpango mmoja wa jiji letu, tukaufupisha kwa kurasa mbili za Kiswahili sanifu na chepesi, tukausoma mbele ya wauza mboga? Napendekeza chama chetu kiunde kamati ya tafsiri itakayofanya hivyo kwa kila rasimu inayotolewa kwa maoni ya umma, na itakayoyaandika maoni ya wananchi na kuyafikisha ofisini. Tuanze na mpango wowote unaohusu kingo za mto Sosiani, ambao unapita katikati ya jiji na ambao ungeweza kuwa Forodhani yetu. Wahadhiri wetu watusimamie, kwani hilo pia ni somo la tafsiri na la isimujamii. Lugha inayofundishwa darasani na kunyimwa nafasi katika mipango ya jiji itabaki kuwa ya mtihani.