Mkono mtupu haulambwi, lakini unashika jembe

Najua nimepotea. Kuna mmoja alinitumia ujumbe kuuliza kama nimeoa. Sijaoa! Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, karibu miezi miwili ya chaki na madaftari, halafu nikaenda nyumbani Same wiki tatu kabla chuo hakijafunguliwa. Sasa nimerudi Mlimani, na kabla mihadhara haijapamba moto nataka kusema jambo moja linalonikera. Linanikera zaidi kwa sababu mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili: wanachuo tukienda likizo tunajificha. Tunafika nyumbani usiku, mchana tunashinda ndani na simu, na tukitoka tunapita vichochoroni tusije tukaonana na shangazi. Ukituuliza kwa nini, jibu ni moja. Hatuna hela.

Kwa wasioijua Same, kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Moshi au Arusha basi umeipita. Ukishavuka Mkomazi, Hedaru na Makanya, milima ikiwa mkono wako wa kulia njia nzima, unaingia mji mdogo wenye upepo na vumbi. Abiria wengi wanaujua kwa stendi tu, wanashuka kuchimba dawa, wananunua maji, wanaondoka. Kumbe huo mji ni mlango tu. Upare wa Kusini wenyewe uko juu ya vichwa vyetu: Chome, Suji, Mbaga, Mamba, Gonja, mpaka kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Mvua inayotoka baharini inaishia kule juu, sisi wa upande huu tunabaki na miiba na upepo. Juu kuna migomba, tangawizi, na baridi ya kuvaa sweta mbili mwezi wa saba.

Magari ya mlimani yanashuka alfajiri na kupanda mchana, na yanabeba kila kitu: watu, ndizi, dawa, kuku, barua za mahakamani na umbeya. Kila mtu wa mjini ana mtu mlimani, na kila wa mlimani ana mtu mjini. Kwa hiyo anayedhani anaweza kujificha Same anajidanganya. Nilijidanganya kwa siku kumi.

Wazazi wangu wanakaa mjini. Bibi, mama yake baba, anakaa peke yake upande wa Mbaga, na binti wa jirani anakuja kulala naye. Nilifika nikiwa nimefulia vibaya, boom ilishakuwa historia. Nikapiga hesabu: niende kwa bibi bila sukari, bila majani ya chai, bila sabuni, msomi mzima wa chuo kikuu, mwalimu mtarajiwa? Na njiani kuna baba mdogo na mashangazi wawili, nao niwape nini? Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Nikaamua nitapanda Desemba, nikiwa na kitu. Cha ajabu ni kwamba hela ya bando nilikuwa naipata kila wiki. Nauli ya Mbaga ndiyo iliyokuwa "haipatikani".

Siku ya kumi na moja konda wa gari la mlimani akaleta kiroba nyumbani. Ndani mna ndizi, maparachichi na maharage. Akanikabidhi mimi mwenyewe pamoja na salamu: "Bibi yako anasema amesikia mume wake ameonekana sokoni. Lakini miguu inamuuma hawezi kupanda mlima, ndiyo maana amemletea chakula."

(Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu. Ni utani, lakini una meno.)

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alisema tu, "Kesho panda." Mama akataka kutoa hela ninunue walau kilo moja ya sukari, baba akakataa. Akasema aende hivyo hivyo.

Nikapanda hivyo hivyo. Tulipopita Mwembe na gari kuanza kukata kona za milimani, nilikuwa napanga sentensi za kuomba radhi. Nilimkuta bibi amekaa nje anachambua maharage. Shikamoo bibi. Marahaba mume wangu. Nikaanza hotuba yangu: bibi nisamehe, maisha ya chuo magumu, sikuja na chochote. Akaniangalia akasema, "Kwani nilikuagiza?"

Basi. Hotuba ikaishia hapo.

Kesho yake asubuhi akanipa jembe. Kulikuwa na msaragambo wa kusafisha ndiva. Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa dogo la asili ambalo Wapare tangu zamani hukinga maji ndani yake, halafu yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani kwa mifereji. Na msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya kijiji, barabara, mfereji, darasa, kila kaya inatoa mtu. Asiyetokea anatozwa faini. Nyumba ya bibi haina mtu wa kutoa. Miaka yote hii, wakati mimi nasubiri nipate hela ya sukari, yeye alikuwa ama analipa faini ama anambembeleza kijana wa jirani.

Nikazoa tope mpaka saa sita mchana. Mikono ikatoka malengelenge, wazee wakanicheka kwamba hii ni mikono ya kalamu. Jina la nyumba ya bibi likaitwa, nikaitika mimi. Huwezi kuamini jinsi jambo hilo dogo lilivyomfurahisha. Kila aliyepita njiani aliambiwa, "Mume wangu ametoka msaragambo." Sidhani kama angewaita watu kuwaonyesha kilo ya sukari.

Usiku tukala makande, tukaota moto, nikamwambia mwaka jana chuoni niliandika insha kuhusu mbiru. Wenzangu wa Historia mnaikumbuka. Ni ile kodi ya miaka ya 1940 iliyotaka kila mtu apimwe mali yake ndipo atozwe. Wapare wakaigomea, na Januari 1945 maelfu ya watu wakashuka kutoka milimani mpaka Same, makao makuu ya wilaya (wakati huo Same na Mwanga ilikuwa wilaya moja), wakapiga kambi. Profesa Isaria Kimambo aliandika kijitabu kizima juu ya habari hiyo, kilitoka mwaka 1971. Mimi nilikisoma maktaba, nikapata B+, nikajiona bingwa wa Upare.

Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Baba yangu alikwenda."

Alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka mama yake akimfungia baba yake chakula. Anakumbuka wanaume wakiteremka kwa makundi na kijiji kubaki kimya, na yeye kupewa mbuzi awaangalie kwa sababu kaka zake wakubwa walikwenda pia. Anakumbuka baba yake aliporudi amekonda na blanketi linanuka moshi, na kwamba kwa siku nyingi mama yake hakulifua blanketi lile. Aliliacha vile vile.

Hilo la blanketi sikulisoma popote. Nilikuwa na mtu aliyeyaona kwa macho yake, wa damu yangu, nikaenda kumtafuta maktaba.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Usiku wa pili nilimwomba anirudie hadithi ile niiandike. Nikachukua daftari. Akaanza vizuri, halafu katikati akaniita kwa jina la baba yangu. Nikadhani ameteleza ulimi. Akaendelea kuniita hivyo mpaka tulipokwenda kulala, akiniuliza kama ng'ombe wamerudi. Bibi hana ng'ombe tangu mimi sijazaliwa. Asubuhi alikuwa mzima, ananitania kama kawaida. Binti wa jirani aliniambia, kwa upole, kwamba imeanza tangu Pasaka.

Tangu Pasaka! Na mimi nilikuwa nasubiri Desemba ili nije na kitu.

Ndugu zangu, ndiyo maana nasema tumeharibu mambo. Tumeigeuza ziara kuwa malipo. Ukiwa na hela unakwenda, ukiwa huna huendi, kana kwamba unaidaiwa nyumba ile kila unapovuka kizingiti. Watani wetu wanapenda kutuita Wapare wabahili, eti tunatundika samaki juu tunakula ugali kwa harufu yake. Sawa, utani ni utani. Lakini ubahili mbaya kuliko wote naona ni huu wetu wasomi, wa kuwanyima watu sura zetu mpaka tuwe na cha kuwaonyesha.

Na ukitaka kujua kwamba si suala la hela tu, angalia misiba. Mwaka jana tulifiwa na ndugu mmoja wa mlimani. Kundi la WhatsApp likafunguliwa usiku, kesho yake michango imetimia, Coaster mbili zimepatikana, turubai, chakula, kila kitu. Watu ambao hawakuwahi kumsalimia yule mzee kwa miaka wakapanda mlima na suti nyeusi. Mimi nilikuwemo. Nauli ya kumzika tuliipata kwa saa chache, wakati ya kumsalimia ilitushinda miaka.

Desemba nayo najua mtaniambia. Kweli, Desemba Upare unajaa, magari ya Dar yanapanda mpaka kwenye njia ambazo si za magari, kanisani hakuna pa kukaa, na mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada unachangamka. Ni raha na siipingi. Lakini hesabu vizuri: siku mbili, nyumba imejaa watu ishirini, muziki juu, bibi amekalishwa katikati apigwe picha na kila kundi. Nani anamsikiliza? Mtu mzima anahitaji siku ambayo hakuna sherehe.

Nisiwe mnafiki, upande wa pili nao una haki yake. Nilipomweleza mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, yeye ni wa Kanda ya Ziwa, alisema, "Bibi yako mstaarabu. Kwetu ukifika bila kitu unasemwa mpaka unaondoka." Na dada mmoja wa darasani kwetu, mtu wa Gonja, alinikosoa zaidi. Alisema ninyi wanaume mkienda mnasimuliwa hadithi, sisi tukienda tunapewa jiko na kuulizwa mchumba lini. Hajakosea. Hata mimi nina shangazi ambaye kabla sijamaliza kumwamkia alishauliza, "Umetuletea nini cha Dar?" Maneno kama hayo ndiyo yanayotufukuza. Kwa hiyo wazazi na mashangazi, kama kuna anayewasomea haya, tuhurumieni. Mwanafunzi ni mwanafunzi. Mkitaka tuje, mtupokee tulivyo, na mtuache tukae hata kama hatujaolewa wala kuoa.

Lakini na sisi tusijifiche nyuma ya hao wachache. Mkono mtupu haulambwi, kweli. Ila unashika jembe, unachota maji, unasoma kadi ya kliniki na kumweleza bibi vidonge vipi ni vya asubuhi na vipi vya jioni (nilikuta anavichanganya). Sema ukweli kwamba umefulia. Aliyekulea amekuona ukiwa hata kaptula huna, atashangaa nini leo? Na ninyi wenzangu mtakaofundisha Historia, nendeni na daftari. Tutasimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha habari za Upare, za Usambara, za Umatumbi, halafu wale waliosimuliwa na wahusika wenyewe wapo nyumbani wanachambua maharage peke yao.

Nilikaa siku tano badala ya moja. Daftari lina kurasa tisa, nyingine zinajirudia, nyingine zinapingana. Sijui nitazifanyia nini. Siku ya kuondoka bibi alinisindikiza mpaka njia ya gari, taratibu na fimbo yake. Konda aliyeniumbua alikuwa yule yule. Bibi akamwambia, "Huyu ukimwona tena sokoni, usiniletee habari. Mlete mwenyewe."

Wiki hii nimeanza kuweka pembeni nauli kabla sijanunua bando. Sisubiri Desemba, kuna mapumziko mafupi katikati ya muhula, nitapanda hata kwa siku mbili. Kama gari litanishusha na mikono mitupu, basi na iwe mitupu.

Na wewe je? Kuna nani huko kwenu unayemsubirishia mpaka upate? Nikisikia ulikwenda likizo ukajificha kama mimi, nitakucheka kwanza, halafu tutatafuta nauli pamoja.