King'ora ni Chako, Ufunguo ni wa Nani?

Leo tuweke programu kando kidogo, kwa maana nina ugomvi na wanaotuuzia ving'ora vya nyumbani.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mtu anakuja kwako, anatoboa ukuta, anafunga mitambo, anapokea pesa, halafu anaondoka na namba ya siri ya fundi, ile inayofungua mipangilio yote. Jirani yangu hapa Nairobi aliiomba namba hiyo baada ya kuvunja mkataba na kampuni yake. Akajibiwa kwamba hiyo ni siri ya usalama. Siri kwa nani, jamani? Nyumba ni yake, mtambo ameshaulipia, na wanaolala mle ndani ni watoto wake! Sasa akitaka kuongeza sensa moja tu ya mlango wa jikoni, sharti alipie safari ya fundi. Mimi huo siuiti usalama. Nauita utumwa wa kulipia kila mwezi.

Tuliosoma kompyuta tunakutana mapema na kanuni ya Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi, aliyeiandika mwaka 1883: mfumo uwe salama hata kama adui anajua kila kitu kuuhusu, isipokuwa ufunguo. Basi mfumo ambao mwenye nyumba ndiye anayefichwa, huku kila fundi aliyewahi kuajiriwa na kampuni akiujua, umepinduliwa miguu juu.

Tena hakuna uchawi humo. Augustus Russell Pope alipata hataza ya king'ora cha umeme kule Marekani mwaka 1853: betri, waya, kengele. Mlango ukifunguliwa, umeme unapita, kengele inalia. Siku hizi tumeugeuza mpango huo. Umeme unapita muda wote mlango ukiwa umefungwa, kupitia swichi ndogo ya sumaku. Mlango ukifunguliwa, sumaku inasogea, umeme unakatika, king'ora kinalia. Kwa nini tukaugeuza? Kwa sababu kwa mpango wa Pope mwizi akikata waya, kengele inakuwa bubu. Kwa mpango wa leo, akikata waya, amejishtaki mwenyewe.

Sasa mwizi mjanja hakati, anaunganisha nyaya mbili pamoja ili paneli idhani mlango umefungwa. Dawa yake ni rezista ya shilingi chache mwishoni mwa waya. Paneli inapima ukinzani. Waya ukikatwa au ukiunganishwa, kipimo kinabadilika na paneli inajua. Lakini rezista hiyo lazima ikae kule kwenye sensa. Mafundi wenye haraka huifunga ndani ya sanduku la paneli, na hapo hailindi chochote. Fungua sanduku lako uangalie. Ukiikuta humo, ulilipia pambo.

"Lakini siku hizi kila kitu hakina waya!" Ndiyo, na hapo ndipo tunapoibiwa mchana. Seti nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya 433 MHz na chipu za aina ya EV1527, ambazo hutuma namba ile ile kila mara. Mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anairekodi rimoti yako ukizima king'ora asubuhi, kisha anaicheza tena ukiwa kazini. Na sensa hizo huzungumza upande mmoja tu: betri ikifa, paneli inaweza kuendelea kudhani mambo ni shwari. Kama huna budi kutumia zisizo na waya, tafuta zinazobadilisha namba kila mara na zinazowasiliana pande zote mbili. Zipo, ila si hizo za kumwagwa dukani.

Mtasema, "Sisi si mafundi." Nyaya za sensa ni za volti 12, hazikuui. Upande wa volti 240, pale kwenye transfoma, mwite fundi umeme, sina ubishi. Mwenye nyumba hataki matundu? Kuna mifereji ya plastiki ya kubandika ukutani, ukihama unaibandua.

Sensa za mwendo ziweke pembeni mwa chumba, mahali mtu atapita mbele yake, maana huona vizuri zaidi mtu anayekatiza kuliko anayeijia moja kwa moja. Usiielekeze dirishani wala kwenye mabati yanayopata jua. Na uzibe tundu la waya, kwani mjusi akitambaa juu ya kioo chake utaamshwa saa nane za usiku, na majirani watazoea kupuuza. King'ora kinachopuuzwa hakina faida.

Halafu stima. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA. Ruta ya intaneti ikizima, arifa za simu zimekwisha. Kwa hiyo paneli iwe na laini yake ya simu yenye salio, na betri. Piga hesabu: betri ya 7 Ah, mfumo unaokula miliampia 200, ni saa 35 kwenye karatasi. Betri kuukuu haifikishi nusu. Ibadilishe kila miaka michache kabla haijakuaibisha.

Sisemi kampuni za ulinzi hazina kazi. Gari linalokuja usiku na watu wawili ndani yake huwezi kulijenga kwa rezista. Walipe kwa hilo. Lakini mtambo uwe wako, namba zote ziwe zako, na mchoro wa nyaya ukae kabatini mwako.

Usiku wa leo fanya jaribio moja. Waarifu majirani, na kampuni kama unayo, washa king'ora, zima swichi kubwa ya stima, kisha fungua mlango mmoja mmoja na madirisha yote. Usipolia hata mmoja, kesho mpigie aliyekufungia na udai namba yako ya siri. Akikataa, bisibisi ni bei rahisi.