Ati Hata Mbu, Anayenyonya ni Jike

Kuna utani umezeeka lakini haufi: ati hata kwa mbu, anayenyonya damu ni jike. Utausikia kwenye matatu, kwenye podikasti za wanaume wawili na maiki mbili, na chini ya kila habari ya msichana anayedaiwa kula nauli. Kisha msemaji anaongeza neno lake zito: sayansi.

Sawa, twende huko. Chukua Anopheles gambiae, mbu anayetuletea malaria. Ni kweli jike pekee ndiye huuma. Lakini naye, kama dume, hunywa maji matamu ya maua. Damu anaitafuta kwa sababu mayai yanahitaji protini. Dume naye hajaacha damu kwa ustaarabu. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi, basi.

Halafu wasee wa "iko kwenye jeni" wanateleza hapa. Ukiondoa kromosomu Y, yenye jeni chache mno, dume na jike wamebeba jeni zile zile. Kinachowatenganisha ni zipi zinawashwa, wapi, na kwa kiasi gani. Moja inaitwa doublesex. Wote wanayo. Mwili unatoa nakala yake, unaikata na kuiunga: kwa jike kipande fulani kinabaki, kwa dume kinarukwa.

Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London walikiharibu kipande hicho cha jike, tena kwa namna ya kufanya hitilafu ijisambaze yenyewe kizazi hadi kizazi. Majike waliorithi nakala mbovu kwa mama na kwa baba walitoka na maumbile mseto, hawawezi kuuma wala kuzaa. Madume walibaki wazima, wakaendelea kuisambaza. Baada ya vizazi 7 hadi 11 hakukuwa na mbu kwenye vizimba. Hao waungwana wasionyonya mtu wako wapi sasa?

Na mbona mbu tu? Nyuki dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, yaani hana baba. Hana mwiba, haleti chakula, na njaa ikiingia dada zake humtoa mzingani. Hiyo hatuisikii kwenye podikasti. (Wala nisingetaka kuisikia. Ni upuuzi ule ule, umevaa suruali.)

Januari 27, 2024, wanawake walijaa barabarani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wenzao. Wiki zile zile, chini ya habari za waliouawa, kulikuwa na watu wanauliza marehemu alikula pesa ya nani. Utani wa mbu unaishi mtaa huo huo. Mbu hupigwa kofi ukutani na hakuna anayeuliza kitu.

Kwa hivyo bro, kama lazima useme, sema. Lakini hilo neno sayansi, litoe.